Wimbo wa Sita wa Kinanda cha Kimumu

Kinanda kilifika kanisani kwetu Kimumu kwa gari la ng'ombe mwaka wa 1937, kutoka kwa Kaburu mmoja wa Kaptagat aliyekuwa akirudi kwao. Hakikuhitaji mchezaji. Ukizungusha mkono wake, gogo la ndani lenye misumari midogo linageuka, misumari inafungua filimbi za mbao, na wimbo unatoka wenyewe. Nyimbo zilikuwa sita, majina yake yamebandikwa kifunikoni. Wa sita ulikuwa ule wa mazishi ambao marehemu mume wangu, Kimeli, aliupenda, na mchungaji alinikubalia upigwe Jumapili katika ibada ya kumkumbuka. Tangu Bwana amchukue Kimeli, sikuwa nimeomba kanisa kitu kingine.

Safari na baridi vilikuwa vimeharibu sauti za filimbi, basi akaitwa fundi Nicanor Shitanda, mtu wa Kakamega aliyekuwa akitengeneza piano Nairobi. Kufagia kanisa ilikuwa zamu yangu, kwa hiyo nilimwona kazini. Kabla ya yote alitoka nje akagonga kengele yetu, kile kipande cha reli kilichoning'inia mtini, akachukua sauti yake. Nilimheshimu kwa hilo. Halafu akaenda filimbi moja moja. Kila moja ina kizibo: kikiingia ndani sauti inapanda, kikitoka inashuka. Alikisukuma, akasikiliza, akakivuta kidogo, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Ijumaa kwaya ikaja kujaribu. Mama Tryphosa, kiongozi wao, akagonga reli, wakaanza wimbo wa kwanza pamoja na kinanda. Hawakufika ubeti wa pili.

"Fundi, hiki kinanda chako kiko na mafua?" Tryphosa akauliza.

"Labda ni nyinyi mlilala nje, Mama."

Waimbaji wakacheka. Nicanor hakucheka sana. "Hebu imbeni peke yenu," akasema.

Wakaimba, yeye amefunga macho. Walipofika pale do, mi na so zinaposhikana, akainua kidole wabaki hapo hapo.

"Mi yenu iko chini ya mi yangu," akasema. "Na yenu ndiyo imelala juu ya do bila kutetemeka. Mimi nimepanga kama piano."

"Kwani piano inakosea?"

"Haikosei, inagawa. Kila sauti inapunjwa kidogo ili wimbo uweze kuanzia popote. Ni kama mama wa watoto wengi na nyama kidogo: hakuna anayeshiba, hakuna anayelala njaa. Yenu inashiba kabisa, lakini kwa do moja tu."

"Sisi nyimbo zote tunaanzia kwa reli."

"Nimesikia. Gogo pia linaanzia hapo, kwa nyimbo tano. Ya sita inaanzia kwingine. Nikipanga mnavyoimba, hizo tano zitatulia kama maji kwa karai. Ya sita italia kama fisi."

Kwa kuwa sisi tulichukua kila wimbo kutoka kwa reli, hakuna aliyewaza kwamba gogo linaweza kuanzia pengine. Tuliuahidi ule wimbo bila kuuzungusha hata mara moja.

Wote wakanitazama. "Iache tu hivyo, Bwana Nicanor," Tryphosa akasema. "Tutajikaza. Mama Jeruto amengoja mwaka mzima."

Lakini mimi nilikuwa nimewasikia wakijikaza. Kimeli aliimba besi katika kwaya hii, na sauti zikivutana alikuwa akishika kofia na kutoka nje. Ningemkumbukaje kwa kitu ambacho kingemtoa kanisani?

"Panga wanavyoimba," nikamwambia fundi. "Ule wa mazishi tutauimba kwa midomo. Ila kabla hujageuza, nipigie mara moja."

Alisogeza gogo mpaka wimbo wa sita, akavua kofia, akazungusha mwenyewe. Ulianzia juu kuliko tulivyozoea. Zile sauti zilitetemeka kidogo, zote sawa, kama alivyosema, na hakuna iliyoizidi nyingine. Tryphosa akafungua mdomo ajiunge. Nicanor akamtikisia kichwa. Hakuharakisha mkono. Alipiga beti zote, hata ule ambao watu huuruka.

"Asante, Baba," nikasema. "Geuza sasa."

Akapiga magoti, akavuta kizibo cha mi nje, unene wa ukucha.