Ukuta wa Habuba Latifah

Bibi yangu mzaa mama, Habuba Latifah, alikuwa mchoraji mashuhuri, na umashuhuri huo nimeurithi bila kufanya kazi yoyote. Picha zake zimetundikwa Kampala, Nairobi na Berlin. Huko Berlin waliandika kwamba miduara yake ni kilio cha uhamisho. Habuba alisomewa maneno hayo huku akichagua mchele, akauliza, "Kilio gani? Hiyo ni tabaga." Tabaga, kwa wale ambao hawajabahatika kula kwetu, ni kifuniko cha chakula kinachosukwa kwa nyuzi za rangi, mviringo kama jua.

Picha yake ya mwisho iko Koboko, kwenye ukuta wa duka la mjomba wangu Nasur unaotazama barabara. Ni tabaga moja kubwa, kutoka msingi hadi kwenye paa. Alifariki kabla ya kumaliza ukingo wake.

Likizo hii nilifika kutoka shule ya bweni Arua nikakuta mjomba amepatana na kampuni ya soda. Wao watampa mabati mapya, yeye atawapa ukuta ule waupake wekundu wao. Wangekuja kesho yake.

"Ni ukuta wa Habuba!" nilisema.

"Iko ukuta yangu, Medina. Na Habuba ni mama yangu kabla wewe nazaliwa. Mvua nanyesha ndani ya unga. Picha nazuia mvua?"

Nilimjibu kwa hekima yote ya elimu ya sekondari: nilinuna.

Lakini shule ya bweni imenifundisha jambo moja, nalo halimo kwenye mtihani. Mkubwa hazuiwi kwa hoja, huzuiwa kwa umati. Nikafungua sanduku langu la shule, nikatoa sukari, majani ya chai, karanga na biskuti, yaani akiba niliyojinyima muhula mzima, nikavibeba hadi kwa Mama Sumayah, rafiki wa Habuba. Huyo akisema njoo, mtaa mzima huja.

"Mama, Habuba ametimiza mwaka. Tumsomee karama, dua na chai ya kumkumbuka."

"Wapi?"

"Dukani. Barazani, chini ya ukuta."

Akaitazama sukari, akanitazama mimi. "Wewe unatafuta vita."

"Natafuta dua, Mama."

"Dua na vita. Haya, beba mikeka."

Ronnie, msimamizi wa kampuni, alipofika asubuhi na gari la mabati na madebe ya rangi, alikuta wanawake wamejaa barazani, migongo yao imeegemea ukuta, na mjomba mlangoni mwa duka hana pa kupita.

"Salaam aleikum, mama zangu. Naomba nafasi kidogo."

"Nafasi iko hapa," Mama Sumayah akapapasa mkeka. "Kaa. Hakuna mutu nasimama kwenye karama."

Ronnie akakaa. Ungefanyaje? Akasikiliza dua hadi mwisho, akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote, maskini, akidhani itaisha upesi. Chai ilipomiminwa, akanyoosha mkono. Mama Sumayah akakivuta kikombe.

"Kwanza mstari."

Ndiyo desturi. Kwetu ukimkuta mwenzio anasuka tabaga, unasuka mzunguko wako kabla ya kuonja chai. Habuba alichora hivyohivyo: kila mgeni alitiwa brashi mkononi. Berlin wanadhani mkono ulikuwa mmoja.

"Rangi iko wapi?" mmoja akauliza.

"Ile pale."

"Hapana, mama! Ile rangi iko ya kampuni!"

"Na chai iko ya kampuni?"

Ronnie akapaka mstari wake. Wanawake wakacheka hadi wakashikana mabega. "Huyu bado hajaoa! Ona mstari wake unavyoyumba!" Kisha wakainuka mmoja baada ya mwingine, na ukingo wa tabaga ukaanza kufungika kwa wekundu wa soda.

Simu ya Ronnie ikalia: boss wake. Alipoikata hakuwa na kicheko tena. "Mzee Nasur, sema sasa. Ukuta hii kama nabaki hivi, mabati narudi Arua."

Mjomba akatazama gari, akatazama paa lake, akafuta jasho. Nikaona midomo yake inafunguka, na sikupenda ilivyofunguka. Nikaketi chini kwa kishindo, mgongo ukutani.

"Basi wanipake na mimi, Mjomba. Siondoki. Shule ikifunguliwa, mnitumie masomo hapa."

Ilikuwa hotuba nzuri. Ila rangi ya ukuta ilikuwa bado mbichi.

"Medina! Toka!" Mjomba alinivuta mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Nyuma yangu, ukingo ulikuwa umechafuka upana wa mabega yangu. "Umeharibu kazi ya mama! Nani nafundisha wewe kukaa kwa rangi? Lete hapa!"

Akampokonya Mama Sumayah brashi. Akapiga magoti. Akaanza kuurekebisha mzunguko, polepole, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza, akifuta kwa kanzu yake safi palipomwagika.

"Mzee," Ronnie akasema taratibu, "niambie boss nini?"

Mjomba hakugeuka.

"Ondoa gari. Inafunga mwanga."