Mnara Uwe wa Nani

Mimi nilisimama wa kwanza, na maikrofoni sikuihitaji. Ukumbi wa kanisa hapa Syokimau, karibu na uwanja wa ndege, ulikuwa umejaa watu waliokuja kutoa maoni: je, kazi ya kuongoza ndege kutoka mnarani ibaki serikalini, au ipewe shirika huru litakalojiendesha kwa ada za kampuni za ndege?

"Ibaki kwa serikali!" nilinguruma. "Kampuni zikianza kulipa, zitataka ndege zishuke mbio mbio. Na zinapita juu ya mabati yangu!"

Nilipigiwa makofi, nikaketi nimevimba kichwa.

Kisha akasimama binti yangu Nzilani, ambaye ni mwongozaji wa ndege. Nilimgusa jirani kwa kiwiko nikamwambia, "Huyo ni wangu." Nyumbani nilikuwa nimemweleza msimamo wa familia. Alinyamaza, nami nikadhani amekubali.

"Mwenyekiti, mzee aliyeongea ni babangu, na namheshimu sana," alisema. "Lakini kwa hii maneno sikubaliani na yeye."

Watu wakaangua kicheko. Masikio yangu yalipata moto.

"Rada ikiharibika, tunangojea bajeti pamoja na barabara na hospitali. Ndege iko hewani haiwezi kungoja. Ada za ndege zifanye kazi ya ndege. Lakini baba ana haki ya kuogopa. Kwa hivyo bodi isiwe ya kampuni peke yake. Sisi waongozaji tuwe na kura, na nyinyi mnaoishi chini ya ndege pia. Na mkaguzi wa usalama abaki wa serikali."

Aliongea polepole, bila kutetemeka. Kumbe hiyo ndiyo sauti ambayo marubani huisikia wakiwa mawinguni! Sikuwa nimewahi kuisikia. Nyumbani huwa ananiuliza tu kama nimekunywa dawa.

Kang'ethe, mwenye duka la saruji, akaruka juu. "Msichana anapinga babake mbele ya watu, na sisi tumsikize? Mzee Mutunga, si umwambie akae!"

Ukumbi wote ukanigeukia. Nzilani naye akaniangalia, akingoja kauli yangu. Ningesema neno moja tu, angeketi, na maoni yake yangeishia hapo. Namjua mwanangu.

Nilisimama.

"Kang'ethe, kaa wewe! Huyu akiambia rubani angoje, rubani anangoja na abiria wake wote. Wewe na saruji yako ni nani? Nzilani, mimi bado nakupinga. Lakini sema yote, mama, usiache kitu."

Akasema yote.

Mwisho mwenyekiti aliwaomba wanaopinga shirika huru wainue mikono. Niliuinua wangu juu kabisa, machozi yakinitoka bila aibu.

"Mzee, sasa uko upande gani?" akauliza mwenyekiti.

"Napinga," nikasema. "Lakini aliyewaelezea vizuri hivyo ni mtoto wangu. Hiyo pia muiandike."