Vigumba vya Punje Mia Mbili

Mahlon alipoingia dukani kwa Orva Schrock nilikuwa nimekwisha kupanga vigumba sita, vichwa vya chuma vya mishale, juu ya meza, na nilijua kabla hajafungua mdomo kwamba atacheka.

"Shemeji," alisema, "unakwenda kuwinda elki au kupasua kuni?"

Wanaume wawili waliokuwa wakingoja hatamu zao wakacheka naye. Orva hushona hatamu na matandiko ya farasi upande mmoja wa duka, na upande wa pili huuza pinde na mishale, kwa hiyo wanaume wa bonde letu hawakosi sababu ya kukaa pale. Mwanamke nilikuwa mimi peke yangu.

"Kuni nilishapasua," nilimjibu. "Nimezipanga mpaka dirishani."

Mahlon ni ndugu wa marehemu mume wangu, Ervin. Tena ni shemasi wetu, na kwa desturi ya kanisa letu shemasi ndiye anayewatazama wajane. Hukusanya sadaka akawapelekea unga, mafuta na nyama. Mimi sadaka ya kanisa siidharau, na yeyote atakayesema nimeidharau atakuwa amenisingizia. Lakini Mahlon alikuwa ameongeza na neno lake mwenyewe. Tangu tulipomzika Ervin mwezi wa pili, alikuwa akinisihi nihamie na mabinti zangu wawili kwenye kijumba kilicho nyuma ya nyumba yake, na shamba letu alishike mwanawe Perry, aliyeoa majuzi.

"Mwanamke hawezi kulisha nyumba katika milima hii ya Montana," aliniambia, ameketi mezani pangu, anakula mkate wangu.

Nikamwambia anipe majira haya ya vuli tu. Theluji ya kwanza ikianguka na sina nyama niliyowinda mwenyewe kwenye chupa zangu za akiba, nitahama bila neno. Nikiwa nayo, asilitaje tena jambo hilo. Akakubali upesi mno, kama mtu anayekubali kushindana mbio na kiwete.

Sasa alikiokota kigumba kimoja pale mezani akakipima kiganjani. Sisi uzito wa vigumba tunauhesabu kwa punje. Wanaume wengi wa kwetu hutumia vya punje mia moja, tena vile vyenye mabawa yanayofunguka kama mwavuli vikigonga mnyama. Hivi vyangu vilikuwa vya punje mia mbili, kipande kimoja cha chuma, makali mawili, hakuna cha kufunguka wala kufungika.

"Kwa upinde wako ule wa kuvutwa kwa ratili arobaini na tano?" alisema Mahlon. "Kwa hatua arobaini mshale utalala kwenye nyasi kabla haujafika."

"Kwa hatua arobaini sitapiga."

"Utangoja elki aje akunuse?"

"Akitaka kuninusa, na anikaribie."

Orva alikuwa akitia nta kwenye uzi wake bila kutuangalia. "Mwache, Mahlon," alisema. "Upinde wako ni wa ratili sabini, unakisamehe kigumba kibaya. Wa kwake hausamehe. Mshale mwepesi ni kama mtoto anayeukimbilia mlango. Anafika haraka, mlango unabaki umefungwa. Mzito ni kama ng'ombe. Anakuja taratibu, lakini mlango unaondoka na bawaba zake."

Sikuwa nimevichagua kwa ubishi. Mwaka juzi Ervin alimpiga dume kwa hatua hamsini, kwa kigumba chepesi cha kufunguka. Kiligonga mfupa wa bega kikaishia hapo, hakikuingia zaidi ya urefu wa kidole. Tulimfuata dume yule siku mbili, mimi na Ervin, mpaka damu ikapotea mawe yalipoanza. Siku ya tisa kunguru ndio waliotuonyesha alipolala. Elki dume, yule kulungu mkubwa wa milima yetu, ana mwili wa ng'ombe wa maziwa, nanyi fikirieni nyama yote ile imeoza. Ervin hakula jioni ile. Alisema, "Mungu ametupa riziki, Lovina, nasi tumewapa kunguru." Hakuwinda tena mpaka alipokufa.

Nilipokuwa nafunga vigumba vyangu kwenye kitambaa, Orva aliniambia, "Chukua na mawano mapya, miti ya mishale. Yale ya Ervin hayatavibeba hivyo."

"Yapo kumi na mawili nyumbani, yote mazima," nilisema. "Nitatupaje kitu kizima?"

Orva aliinua mabega. Kwetu kitu hakitupwi mpaka kiishe. Gauni linageuzwa kuwa aproni, aproni inageuzwa kuwa kitambaa cha vyombo. Nilikuwa nimelelewa hivyo, na ndipo nilipokosea.

Nyumbani nilivitia vigumba vile kwenye mishale ya Ervin. Nikalitandaza gazeti kwenye fremu ya dirisha la zamani, nikasimama hatua tatu nyuma, nikapiga. Mshale ukipita sawasawa, karatasi inabaki na tundu dogo la mviringo. Langu lilichanika kwa upande, urefu wa kiganja. Nikasema ni mkono wangu. Nikapiga tena, ikawa vilevile. Kwa hatua ishirini mshale uliingia kwenye robota la majani ukiwa umeegemea upande, mbali na alama niliyoiwekea. Wiki nzima nilipiga kila nilipomaliza kukamua, nikalaumu mkono, nikalaumu upepo, nikaulaumu mpaka upote, uzi wa upinde wangu.

Mahlon alipita na mkokoteni wake siku ya Alhamisi, akasimamisha farasi ukingoni mwa uwanja.

"Shemeji, hiyo mishale inaogelea kama samaki!"

"Naiona."

"Basi rudi kwenye vyepesi. Au ukaone kama Perry yuko tayari kuanza kubeba vitu vyenu."

Alitaka nijibu kwa hasira aondoke nayo. Nikachomoa mshale, nikapiga mwingine mbele yake, nao ukaogelea kama wenzake. Akaondoka amefurahi.

Kesho yake nilirudi kwa Orva. "Nimekosea," nilimwambia. "Nionyeshe."

Hakucheka. Alichukua wano moja la Ervin, akaweka ncha yake mezani, akalisukuma kutoka nyuma. Likajikunja katikati kama fimbo ya kuvulia samaki. "Umeweka mzigo mbele," alisema, "na upote unasukuma kwa nyuma. Katikati pafanye nini? Panapinda. Likipinda mno halinyooki tena kabla ya kufika. Mzigo mkubwa unataka mgongo mgumu. Wano na kigumba ni mke na mume, Lovina. Huwezi kumbadilisha mmoja ukadhani mwingine hakuhisi."

Alinikatia mawano sita magumu zaidi, akayapima moja moja kwenye mizani ndogo, na lile lililozidi wenzake kwa punje nne akaliweka kando akakata jingine. Mishale ya Ervin nilimwachia, aipate mtu wa vigumba vyepesi. Mkono wangu ulichelewa kidogo kuiachia. Orva aliona, akajifanya anatafuta mkasi.

Mshale wa kwanza wa mawano yale uliacha kwenye gazeti tundu la mviringo na mipasuko mitatu myembamba iliyokatwa na manyoya ya mshale. Nikapiga mara ishirini, tundu likawa lilelile. Ndipo nilipotoa bisibisi nikang'oa kwenye upinde wangu alama mbili za kulengea mbali, ile ya hatua arobaini na ile ya hatua hamsini, nikabaki na moja ya ishirini na tano. Vigumba nikavinoa kwenye jiwe, kisha kwenye mkanda wa ngozi, mpaka vikawa vinanyoa malaika ya mkono.

Msimu wa mishale ulikuwa unaisha. Serikali inaufunga Jumapili. Sisi Jumapili hatuwindi, kwa hiyo wetu unaisha Jumamosi, na Jumamosi hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki. Nilikuwa nimetoka mara tano bila kumwona dume aliye karibu. Mahlon alisema atafuatana nami. Milimani kuna dubu, hakuna anayekwenda peke yake, na yeye ndiye mwenye kuulizwa juu ya wajane. Hilo sikulipinga. Nilivaa gauni langu la kijani kibichi, soksi mbili za sufu na kitambaa cheusi kichwani, tukapanda na farasi mmoja wa kubebea mizigo.

Alasiri, juu ya bonde la misonobari, Mahlon alipiga baragumu lake la kuitia elki, linaloiga mlio wa dume. Dume akajibu kutoka ng'ambo, sauti nyembamba inayopanda kama filimbi kisha inakatika kwa mkoromo. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kichaka, hatua chache mbele ya Mahlon. Dume alitoka uwandani akasimama ubavu wazi, pembe zake zimelala nyuma kama matawi makavu. Nilipima kwa jicho. Hatua hamsini, au pungufu kidogo.

"Piga," alinong'ona Mahlon nyuma yangu. "Piga, mwanamke! Unangoja nini?"

Mkono wangu ulikuwa kwenye upote. Sikuvuta. Dume alitazama upande wetu, akageuka polepole, akashuka bondeni.

Mahlon alikuja amefura. "Ile ilikuwa nyama ya majira yote ya baridi! Ningempiga nimefumba macho!"

"Ervin naye alipiga."

Akaketi juu ya gogo, akavua kofia, akaifuta ndani kwa kiganja. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya shemasi. "Hicho ni kiburi, Lovina. Umekivisha nguo za dhamiri, lakini ni kiburi."

Neno hilo kwetu si dogo. Nilijichunguza pale pale, nikasali kwa maneno machache. Huenda kilikuwepo. Lakini nilijua pia kwamba mshale nikiuachia, Mungu ataniuliza mimi habari zake, hatamuuliza Mahlon.

"Upepo unavuma kwa kukata bonde, haumpelekei harufu yetu," nilimwambia. "Atakuwa ameshuka kwenye dimbwi la matope wanamogaagaa elki. Mimi nazunguka kwa chini. Wewe kaa hapa hapa, upige baragumu kila baada ya muda, adhani mpinzani wake hajasogea."

"Nani anawinda hapa, mimi au wewe?"

"Kibali cha kuwinda kina jina langu. Piga baragumu."

Nilizunguka nikiweka miguu kwenye mawe, maana majani yalikuwa makavu. Nililipata gogo la msonobari lililoanguka karibu na dimbwi nikajibanza kwenye mizizi yake. Juu kule Mahlon alipiga baragumu, na nitasema kweli, alipiga vizuri. Dume akajibu karibu sana. Kisha nikamsikia akipumua.

Alipita kati ya miti miwili, amelowa tope mpaka tumboni, akinielekea kwa pembeni. Bega lilikuwa limeziba njia ya mapafu. Nikangoja. Hatua ishirini na mbili. Ishirini. Macho yake yalikuwa juu mlimani kwa yule mpinzani asiyekuwepo. Kichwa kikapita nyuma ya shina, nikavuta. Mguu wa mbele ukasogea hatua moja, nikaachia.

Nilisikia mlio kama wa ubao kupasuka. Dume akaruka, akasimama, kama mtu aliyeitwa jina akawa hajui ni nani aliyemwita. Akatembea. Akakimbia kidogo. Nilimhesabia hatua sitini mpaka miguu ilipomwishia.

Sikutoka mizizini mpaka nimemaliza kushukuru.

Mahlon alipofika aliuona mshale kabla ya kumwona dume. Ulikuwa umepita mwili mzima ukachoma ardhi upande wa pili. Akauchomoa, akaufuta kwa majani, akapitisha ukucha kwenye makali. Hayakuwa na pengo. Kisha akapima kwa miguu kutoka kwenye gogo.

"Hatua kumi na nane," alisema. "Hapa hata mtoto angepata."

"Angepata. Je, angengoja?"

Tulianza kuchuna. Tulipoinua bega tuliona mshale ulivyopita: umekata ukingo wa mfupa, umeacha mwanya mwembamba ulionyooka, kisha ukaendelea mpaka nje. Mahlon alitia kidole chake kwenye mwanya ule. Kilipita. Alikiacha pale muda mrefu, nami nikaendelea kukata upande wangu, kwa sababu Ervin alikuwa ndugu yake kabla hajawa mume wangu.

"Mungu amekurehemu mwaka huu," alisema hatimaye. "Mwakani je? Nitalizungumza jambo la nyumba na askofu."

"Tulikubaliana hutalitaja tena, lakini lizungumze," nilisema. "Mimi nitakuwa jikoni kwangu, nakata nyama ya kutia chupani, na akitaka kuja kuniuliza aje. Na ukifika kwake mwambie paja hili la nyuma nimelitoa sadaka. Apelekewe Fannie Yutzy. Mumewe hajainuka tangu mti umwangukie."

Shemasi hana ruhusa ya kuikataa sadaka, wala ya kuchagua ni nani aitoe, hata awe mjane.

"Paja zima?"

"Zima. Shika huko chini, tulipandishe juu ya farasi."

Akainama akashika, akaguna. "Lina uzito hili."

"Inua, shemeji," nilimwambia. "Jua linatua, na kesho ni Jumapili."