Harufu Ndani ya Pikapu ya Paulin

Siku Magloire alipofika mtaa wa Mapendo na vioo vyote vya pikapu vimeshushwa, Marcelline alijua mara moja kwamba kuna jambo. Alikuwa mlangoni pake akishona mdomo wa gunia la viazi, sindano mkononi, na hakusimama. Shemeji yake huyo hakuwa mtu wa kushusha vioo. Tangu aichukue ile pikapu alikuwa akipita mtaani amejifungia ndani, klima, ile mashine ya hewa baridi, ikivuma kwa nguvu zake zote, koti limefungwa hadi shingoni, humu Goma ambamo hata bila klima watu huamka na sweta. Baridi yenyewe hakuipenda. Mafua hayakumtoka. Lakini kioo kilichopandishwa kilimwonyesha kila mpita njia kwamba vumbi ni la wengine, na Magloire angekubali kupiga chafya mpaka Kristo arudi kuliko kuukosa utamu huo.

Pikapu ilikuwa ya Paulin, mume wa Marcelline. Paulin alitoka Butembo akiwa kijana, akajijenga kwa kununua viazi, kabichi na maharage Masisi na kuvishusha sokoni Majengo. Safari nyingi Marcelline alikuwa kando yake. Alishika tochi Paulin alipolala chini ya injini, akajifunza jina la kila kitu kilichovunjika njiani, na figo za Paulin zilipoanza kumwangusha, usukani aliushika yeye. Kisha Paulin akafa. Viti vya matanga vilikuwa bado havijarudishwa kwa mwenyewe pale Magloire, mdogo wake marehemu, aliposimama mbele ya ndugu na kutangaza kwamba gari ni ya familia. Jinsi alivyolitamka neno familia, kila mtu alielewa kwamba ni yeye. Muzee Luc, baba yao mdogo, aliyetakiwa kusema neno, alikohoa na kuchunguza ndani ya kofia yake. Marcelline akatoa ufunguo.

Tangu hapo viazi vyake vilifika sokoni kwa chukudu, lile baiskeli la mbao la mizigo, vikisukumwa juu ya mawe ya volkano, na pikapu ikampita njiani bila hata kupunguza mwendo. Mwanzoni alimchukia Magloire hadi chakula kikakataa kushuka. Baadaye ile chuki ilichoka yenyewe. Kilichobaki ni dharau, ya kimya na ya kila siku, naye aliishi nayo vizuri tu.

Sasa Magloire alishuka, leso puani. Upande wa pili akashuka Muzee Luc, macho yamejaa machozi, akavuta hewa kama mtu aliyetolewa majini. Mukagasana, jirani muuza makala, yaani makaa, aliacha kipimo chake na kusogea. Hakujifanya kwamba anapita tu.

"Mama Élodie," Magloire alimwambia Marcelline bila salamu, "toa kile kitu uliweka mu gari."

"Niliweka nini?"

"Unajua mwenyewe. Gari inanuka maiti. Niliiosha, inanuka. Niliiweka marashi, inanuka. Mutumishi wa Mungu aliiombea, inanuka. Juzi nilipeleka wazee ku posa kule Keshero, wakafika kwa wakwe wameshika pua. Muzee mumoja alitapika ku mulango, mbele ya mama ya bibi arusi." Akanyoosha kidole. "Mutu mwenye uchungu juu ya hii gari ni mumoja tu."

Neno uchawi hakulitamka. Alimwachia Mukagasana na wengine waliokuwa wakianza kukusanyika walitamke kichwani mwao.

Marcelline aliweka sindano chini, akaenda hadi kwenye pikapu na kuingiza kichwa. Harufu ilimpokea kwa tabaka. Juu kabisa marashi ya kutundika kwenye kioo, matamu ya kuchefua. Chini yake mafuta ya mzeituni yaliyochacha. Chini kabisa soksi mbichi, ukungu, na kitu kilichokuwa kimeoza zamani.

"Washa klima," alisema.

Magloire akawasha. Matundu yakatema hewa baridi, na wote waliokuwa karibu wakarudi nyuma isipokuwa Marcelline. Aligusa zulia chini ya miguu ya abiria. Lilikuwa limelowa chepechepe.

"Tangu uikamate, ulishabadilisha filtre?"

"Ya mafuta? Nabadilisha."

"Ya klima."

Magloire alimtazama kwa huruma, vile mtu wa mjini anavyomtazama mgeni wa shamba. "Klima haina filtre, mama. Klima ni hewa."

Marcelline angeweza kumwambia yote kwa sentensi moja. Paulin aliisafisha klima kila kiangazi, uani hapo hapo, akiimba kwa Kinande cha kwao nyimbo ambazo hakuzijua vizuri. Aliitazama leso ya Magloire, na viatu vyake vilivyong'arishwa, na lile koti, akaona hakuna sababu ya kumpa mtu huyu sentensi bure.

"Sawa," akasema. "Nitatoa. Lakini nitatoa mbele ya Muzee na mbele ya mama Mukagasana. Mukikuta dawa, munipeleke kwenye mutapenda. Musipokuta, gari inabakia hapa."

Magloire alicheka kidogo puani, kisha akakumbuka harufu na kurudisha leso. "Toa kwanza."

"Muzee, umesikia?"

Muzee Luc alisema amesikia.

Magloire akampa ufunguo kwa ncha za vidole. Marcelline alivua kitenge cha juu, akabaki na suruali ya Paulin aliyoivaa siku za mizigo, akaleta bisibisi na spana. Kwanza alifungua waya wa betri. Kisha akapiga magoti pembeni ya kiti cha abiria na kukivuta kile kisanduku cha kuwekea karatasi. Vikamwagika maganda ya karanga, leso za karatasi zilizotumika, marashi mengine mawili na picha ya Magloire mwenyewe akiwa ameegemea pikapu. Picha aliiweka juu ya kiti, kwa adabu.

Nyuma ya kisanduku kulikuwa na mfuniko mwembamba. Aliubonyeza pande zote, ukatoka, na nyuma yake ilikuwa filtre, kile chujio cha hewa, au kilichobaki chake. Katikati palikuwa na shimo, na ndani ya shimo bonge la kitu cha kijivu, chenye nywele.

"Muone," Magloire akasema, sauti imepanda. "Muone nywele. Muzee, si nilikuambia? Nywele ya mutu, ile."

Watu wakasogea, halafu wakarudi nyuma. Muzee Luc alipiga ishara ya msalaba. Mukagasana peke yake alibaki pale pale, mikono myeusi ya makala kiunoni.

Marcelline alilitoa bonge kwa mkono mtupu, akaliweka juu ya jiwe na kulipasua kwa bisibisi, taratibu, ili kila mtu aone, akimtazama Magloire. "Hii ni pamba ya kiti. Hii ni leso yako ya karatasi, Papa Benny, iko na mafua yako. Hii ni leso tena. Hizi ni karanga. Paulin hakukuwa anakula karanga mu gari." Akafikia katikati. Kulikuwa na mkia mkavu, mifupa myembamba na meno mawili ya njano. "Na huyu ni panya. Alifuata karanga yako, akajenga, akafia mule. Na weye kila asubuhi unawasha feni, unamuvuta mu mapafu."

Kisha Mukagasana akaanza kucheka, akicheka kwa tumbo, bila haraka, na kicheko kikapita kwa mwingine na mwingine hadi barabarani.

"Panya anaweza kutumwa," Magloire alisema.

Mkono wa Marcelline ulikuwa umeshafika ndani zaidi, pale penyewe, kwenye kile mafundi wa Goma wanachokiita evaporateri. Ni mabomba madogo ya baridi yaliyozungukwa na mabati membamba, yamepangwa karibu karibu kama kurasa za misale. Hewa hupita katikati yake na kutoka imepoa. Sasa hakuna kilichoweza kupita. Vumbi la miaka lilikuwa limeshikana na unyevu likawa blanketi, na juu ya blanketi kulikuwa na utelezi wa kijani. Mafuta ya yule mtumishi wa Mungu, aliyoyamimina kwenye matundu ya hewa kwa imani kubwa, yalikuwa yameshuka hadi humo na kuunganisha kila kitu.

Alichanganya sabuni ya unga na maji ya bidoni, dumu lake la plastiki, akachukua pompi ndogo ya kunyunyizia kabichi na brashi laini ya viatu. Paulin alikuwa mkali hapo. Ukisukuma maji kwa nguvu, alikuwa akisema, mabati yanalala, na yakilala hayaamki. Kwa hiyo alinyunyiza, akangoja, akapitisha brashi kutoka juu kwenda chini, akanyunyiza tena. Lakini maji yaliingia na hayakutoka. Yalijaa na kurudi kwenye zulia.

Akalala chali chini ya pikapu, juu ya mawe, akautafuta kwa vidole ule mpira mfupi unaotoa jasho la klima nje. Aliupata, umeziba kabisa. Akaingiza waya wa breki ya baiskeli, akausokota. Kitu kikaachia. Maji meusi yalishuka kwa kishindo, mazito kama supu ya sombe, majani ya muhogo, yakamiminika muda mrefu, yakatafuta mteremko, na mteremko ulielekea kwenye viatu vya Magloire. Aliruka. Alichelewa.

Ilikuwa hapo chini, maji machafu yakimrukia shavuni, ndipo Marcelline alipomwona Magloire kwa namna mpya. Alikuwa akiona tu vifundo vyake vya miguu, na soksi zilizolowa, zikihamahama bila kujua pa kusimama. Na akajiuliza: huyu ndiye niliyempa ufunguo? Mtu anayekimbia panya aliyemlisha mwenyewe? Ile dharau aliyoizoea ilimgeukia kidogo na yeye pia, maana miguu hiyo ndiyo aliyoiogopa wakati wote huo, akivuta magunia kwa chukudu kama aliyehukumiwa.

Akatoka chini, akaendelea kunyunyiza hadi maji yakashuka meupe. Aliitupa filtre na kuziba tundu alimoingilia panya kwa wavu wa waya, akarudisha mfuniko, kisanduku, betri. Akawasha feni bila baridi, milango wazi, akaiacha ikaushe ndani, huku yeye akinawa mikono hadi kwenye viwiko. Alipobonyeza klima, hewa ilitoka kavu, yenye harufu ya sabuni na, kwa mbali, ya bati.

Mukagasana alipeleka pua kwenye tundu, akafumba macho. "Haina kitu," akatangaza.

Magloire naye alinusa, mara mbili, kama mteja wa nyama. Akafuta viatu kwa leso, akavuta koti, uso ukarudia ukubwa wake. Akanyoosha mkono.

"Vizuri. Leta ufunguo."

"Gari inabakia hapa."

"Mama Élodie, ile ilikuwa maneno tu. Gari ni ya familia."

Marcelline alimgeukia Muzee Luc. Mzee alikuwa ameshavua kofia na kuanza kuitazama ndani. "Mwanangu," alisema, "haya si ya kuongelea barabarani. Familia itakaa. Tutaona."

"Ulisema umesikia, Muzee."

"Nilisikia. Lakini unajua..."

"Basi endelea kusikia."

Hakupandisha sauti. Aliutia ufunguo mfukoni mwa suruali ya Paulin, akashika gunia lake la viazi upande mmoja, na kabla hajaomba msaada Mukagasana alishalishika upande mwingine. Wakalirusha nyuma. Wakarudi kuchukua la pili. Magloire alisimama mbele ya pikapu na kupanua mikono, lakini watu wa Mapendo walikuwa bado wanacheka, na ni vigumu mtu kuzuia gari kwa mikono wakati soksi zake zinatoa sauti ya maji. Injini ilipowaka, alisogea mwenyewe.

Familia ilikaa kweli. Marcelline hakwenda, kwa kuwa ilikuwa siku ya soko. Magloire alipeleka pia malalamiko kwa chefu wa mtaa, akieleza kwamba gari imechukuliwa kwa nguvu za giza, na chefu, mtu mpole, alimwomba aonyeshe hizo nguvu. Akalazimika kueleza habari za panya. Alipofika kwenye karanga, chefu aliomba radhi, akatoka nje kidogo. Hakuna aliyeitwa tena.

Miezi ikapita. Katika mvua za mwanzo, Marcelline alikuwa akitoka Masisi na mzigo wa kabichi, kioo nusu, akaona mtu amesimama chini ya kipande cha bati pembeni ya njia, koti juu ya kichwa. Mtu huyo alipunga mkono kabla hajaitambua gari. Alipoitambua mkono ulibaki hewani, haujui kushuka.

Marcelline alisimama. Kiti cha mbele kilikuwa na Élodie, binti yake, na kikapu cha mayai.

"Naenda Keshero," Magloire alisema, akitazama tairi.

Marcelline akaelekeza nyuma kwa kidole gumba.

Alipanda. Kwenye kioo cha ndani Marcelline alimwona akitafuta pa kukaa, akijikunja kwenye kona, mvua ikimchapa usoni. Alikuwa ameingoja saa kama hiyo kwa muda mrefu, akidhani ingekuwa tamu. Haikuwa tamu wala chungu. Alimwona tu, mtu mzima aliyelowa, na wazo pekee lililomjia lilihusu mzigo.

Akashusha kioo na kutoa kichwa.

"Shemeji," akasema, "usikalie kabichi."