Kamba Iliyolegezwa

Kwa wiki tatu Kocha alikuwa akimpandisha dada yake kwenye ukuta wa mazoezi ya kukwea, akijisifu moyoni kwamba kazi inakwenda vizuri. Dada, fundi wa kupaka rangi majengo marefu, alikuwa ameanguka mwaka uliopita kutoka kwenye jukwaa la vyuma, usawa wa ghorofa ya pili. Mfupa wa paja uliunga, moyo haukuunga. Jumatatu msimamizi wake angemtazama akipanda tena, na akishindwa angehamishiwa stoo, kuchanganya rangi ambazo wengine wangezipaka.

"Nikiingia stoo," alisema, "nitazeekea humo pamoja na makopo."

Ukumbi wa kukwea ulikuwa ghala la zamani: ukuta wa mita kumi na mbili, vishikio vya plastiki vya kila rangi, magodoro chini, harufu ya chaki na soksi. Kamba ilitoka kwenye mkanda wa Dada kiunoni, ikapita katika pete juu kabisa, ikashuka hadi mikononi mwa Kocha.

Ijumaa hiyo, Dada akiwa katikati ya ukuta, mguu wake uliteleza. Hakushuka hata upana wa kidole. Akabaki ananing'inia pale pale, akatazama chini.

"Wewe! Mbona sijaanguka?"

"Kamba imekushika, Dada."

"Imenishika au imenivuta? Wiki tatu zote unanipandisha kama ndoo ya kisimani!"

Fundi wa vishikio, aliyekuwa akikaza skrubu juu ya ngazi, akaangua kicheko. "Mimi nilidhani unajua."

"Nawe ukanyamaza!"

"Mambo ya ndugu hayo. Mimi simo."

Kocha alimshusha. Alitaka kukana, lakini viganja vyake vyekundu vilimsuta. Wanafunzi wengine aliwaachia kamba ilegee kidogo, kila mtu abebe uzito wake. Kwa Dada hakuweza. Kila Dada aliposita, mikono ya Kocha ilivuta kabla akili haijaamua, kwa kuwa alisikia upya ile simu ya kutoka hospitali. Jambo hilo alikuwa ameliita msaada. Ulikuwa woga wake mwenyewe, uliojivika filimbi shingoni.

"Jumatatu hakuna wa kunivuta," Dada alisema, kwa upole uliouma kuliko ukali. "Legeza, mdogo wangu. Nikiogopa, niache niogope."

"Na ukianguka?"

"Kamba itanidaka. Si ndivyo unavyowaambia wenzangu?"

Akapanda tena. Pale katikati akasimama, muundi ukimtetemeka kama sindano ya cherehani. Dakika zilipita. Kocha akauma midomo.

"Usiseme kitu!" Dada akapaza sauti.

"Sijasema!"

"Nakusikia unavyopumua."

Kisha vidole vikaachia. Dada akashuka karibu mita nzima, akapiga ukelele, kamba ikamdaka. Akabaki akibembea, macho ameyafumba.

"Nikushushe?"

"Nani kakutuma? Ngoja."

Kocha akangoja. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya kwenye ukumbi ule, kusimama tu na kamba mikononi bila kuivuta. Hatimaye Dada akafumbua macho, akashika kishikio cha manjano, kisha kinachofuata, kimoja baada ya kingine, mpaka akaigusa pete.

Jumatatu asubuhi Kocha alisimama ng'ambo ya barabara, kando ya msimamizi, mikono haina cha kushika. Dada alipanda jukwaa. Usawa wa ghorofa ya pili akasimama, ameukumbatia mhimili kwa mikono yote miwili. Msimamizi akatazama saa yake, akavuta pumzi ya kuita.

"Mwache, mzee," Kocha akamwambia. "Hajakwama. Anaogopa tu, na hiyo ina muda wake."

"Muda gani?"

"Wake."

Wakasimama. Lori likapita, na jingine. Huko juu mkono mmoja ukaachia mhimili, kisha wa pili, na sauti ya Dada ikateremka, kavu na ya kiofisi:

"Jamani, rangi italetwa au nishuke kuifuata?"