Vishimo Viwili Chini ya Gari

Lilipofika themanini, likaanza.

Fundi hakuondoa mguu kwenye mafuta. Alikaza macho barabarani, akaushika usukani kwa vidole viwili tu, akalisikiliza gari kwa makalio, maana ndivyo baba yake alivyomfundisha: makalio husikia kabla ya masikio. Usukani ulikuwa umetulia tuli. Kilichotetemeka ni kiti, na sakafu chini ya visigino, na kule nyuma kioo cha dirisha kilikuwa kinalia kwa sauti nyembamba ya kuudhi. Akainua mguu, mtetemo ukapungua. Akakanyaga, ukarudi. Alifanya hivyo mara sita, kisha akageuza na kurudi gereji amekunja uso, kwa sababu jibu hilohilo alikuwa amelipata kwa wiki tatu na halikumfikisha popote.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi, saa tatu asubuhi, mama yake alitakiwa awe mbele ya daktari wa mifupa, mwendo wa saa mbili kwa barabara kuu.

Mama alikuwa amevunjika nyonga na kufungwa chuma, na mguu ule haukutakiwa kukunjwa hata kidogo. Magari yote ya majirani yalikuwa ya kukaa kitako. La kwao tu, gari refu la zamani ambalo viti vya nyuma vinalala, ndilo lililoweza kubeba godoro na mtu juu yake. Safari ya kwanza alikwenda na kurudi ameshika kishikio cha juu ya dirisha, mdomo wa chini umevimba kwa kujing'ata. Ya pili hawakufika hata nusu. Aliomba arudishwe nyumbani, akaomba kwa sauti ndogo sana, na Fundi, ambaye mama yake hajawahi kumwomba kitu bila kumtania kwanza, akageuza gari palepale. Daktari alipopigiwa simu hakuficha neno. Akikosa na hii ya tatu, mfupa utajiungia utakavyo, na kutembea kwake kutakuwa kwa bahati.

"Siendi," Mama alikuwa amesema tangu Jumamosi. "Gari limezeeka, na mimi nimezeeka. Usijisumbue nalo, mwanangu. Waache wazee wapumzike."

Alisema huku anacheka. Lakini Fundi alimjua mama yake. Kicheko kile kilikuwa mlango uliokwisha kufungwa. Na kitu kimoja kilimkera zaidi kuliko hata mtetemo wenyewe. Kila alipoingia chini ya gari, dirisha la chumba cha mgonjwa, linalotazama uani, lilimwita. Mara maji, mara mto, mara hebu njoo unikune mgongo. Utadhani hakutaka lipone.

Mlangoni mwa gereji, kwenye benchi, alikaa baba. Watu walimwita Mzee Alama. Katika miaka arobaini ya ufundi hakuwahi kufungua kitu chenye vipande viwili bila kukitia alama: alichukua ncha ya chuma na nyundo ndogo, akagonga kishimo upande huu na kishimo upande ule, vikitazamana. Ukirudisha, vishimo vitazamane. Visipotazamana, umekosea, fungua tena. Wala haikuishia kwenye magari. Saa ya ukutani ilikuwa na vishimo, jiko lilikuwa na vishimo, mfuniko wa pipa la maji ulikuwa na vishimo. Mama alipenda kusema kwamba asubuhi baada ya harusi alijikagua nyuma ya masikio, asije akawa ametiwa alama usingizini.

Miaka miwili iliyopita ukungu ulimwingia machoni, na siku moja, bila hotuba, alimkabidhi binti yake funguo za gereji. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kwenye gari lake mwenyewe. Alishusha propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, akabadilisha viungo vyake, akaurudisha. Alikataa binti yake amsaidie. Tangu hapo gari lilitembea mjini tu, kwa mwendo wa sokoni, na halikuwahi kuulizwa themanini mpaka Mama alipoanguka.

Jumanne Fundi aliamka na hasira, na hasira yake ilikuwa ya kufanya kazi, si ya kununa. Ukutani alikuwa na orodha ya chaki. Matairi ya mbele alikwisha kuyapeleka nyuma na ya nyuma mbele, na mtetemo haukuhama. Balansi ya magurudumu alikwisha kupima. Mipira inayobeba injini alikwisha kubadilisha. Shokapu za nyuma, zile bomba mbili zinazotuliza springi, zilikuwa mpya kabisa. Basi alilaza ubao sakafuni, akaingia chini na nondo, akaanza kusukuma kila kiungo kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayekagua meno.

Saa nne akakuta kitu. Bushi za springi ya kushoto, mipira midogo inayokaa kwenye macho ya springi, zilikuwa zimechanika zote mbili. Alizifunga yeye mwenyewe mwezi uliopita. Alitoka chini ya gari akazileta mkononi mwa baba yake, na mzee akazipapasa mara moja tu.

"Ulizifunga gari likiwa wapi?"

Fundi alijua swali linakokwenda. "Kwenye jeki, Baba. Magurudumu yalikuwa yananing'inia."

Akapewa darasa lake kamili, mwanamke wa miaka thelathini na minane, mbele ya mteja aliyekuja kuuliza habari ya betri. Bushi hazikazwi gari likining'inia. Unalishusha chini kwanza, libebe uzito wake, likae linavyokaa siku zote, ndipo ukaze. Ukikaza hewani, siku linaposhuka mpira unajinyonga, na kila shimo la barabara linauchana. Mzee akamtaka aliseme kosa lake kwa mdomo wake, toka mwanzo hadi mwisho, na Fundi akalisema huku masikio yanawaka. Mteja wa betri akajifanya anatazama ndege.

Akafunga bushi mpya, safari hii gari limesimama kwa miguu yake. Jioni alilipeleka barabara kuu amejaa matumaini. Springi ya kushoto, iliyokuwa ikigonga kwenye kila shimo la barabara, haikugonga tena, gari lilikanyaga barabara vizuri. Lilipofika themanini, kioo cha nyuma kikaanza kulia.

Aliegesha pembeni akapiga usukani kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu. Halafu akaona haya, akaupangusa.

Jumatano alisimama mbele ya orodha yake mpaka chai ikapoa. Kila kitu kilikuwa kimepigwa mstari. Akaisoma tena, na ndipo alipoona si kilichoandikwa bali kisichoandikwa. Vyote vilivyokuwa pale vilikuwa vimeguswa naye au na fundi mwingine. Propela haikuwamo. Alikuwa ameitikisa kwa mkono, ndiyo, akaona haina mlegezo, akapita, kama mtu anavyopita mbele ya chumba cha wazazi bila kuchungulia. Hakuna aliyewahi kumkataza kukagua kazi ya baba yake. Haikuwahi kumjia tu.

Alilisogeza gari juu ya shimo la gereji, akashuka ngazi saba na mafuta ya taa na kitambaa, akaanza kusugua. Matope yalikuwa yamegandamana na grisi, yakatoka vipande vipande. Baada ya robo saa kishimo cha kwanza kikatokea, kidogo, cha mviringo, kimegongwa katikati kabisa ya chuma. Moyo wake ulifurahi kukiona. Akasugua upande wa pili, pale ambapo mwenzake anapaswa kuwa.

Hapakuwa na kitu. Akasugua tena, akaongeza mafuta, akauzungusha mhimili kidogo. Mwenzake alikuwepo. Alikuwa ameketi pembeni, upana wa kidole gumba.

Jino moja. Vipande viwili vya propela huingiliana kwa meno, na kimoja kilikuwa kimeruka jino moja. Kwa mwendo wa sokoni haisemi kitu. Kwa themanini, viungo viwili vinavuta kila kimoja kwake, na mtu aliyelala juu yake anajing'ata mdomo.

Fundi aliegemea ukuta wa shimo. Kazi yenyewe ilikuwa ya saa moja. Angeweza kuirekebisha kimya kimya, aseme ni bushi, kosa la bushi lilikwisha kusemwa na kila mtu ameliona. Alitamani sana kufanya hivyo. Kwa nini mzee wa watu apokonywe hata ile kazi ya mwisho?

"Mbona kitambaa kimenyamaza?"

Sauti ilitoka benchini. Macho yalikuwa yamekwenda, lakini masikio ya mzee yule yalikuwa yanahesabu kila kitu.

"Nimefika kwenye alama, Baba."

"Zinatazamana?"

Neno moja tu lilitakiwa, na lilikuwa tayari ulimini. Fundi akalitazama lile jingine, lililo gumu.

"Hapana," akasema.

Benchi likalia. Akasikia fimbo ikigusa sakafu, kisha ukingo wa shimo, kisha mzee akashuka zile ngazi saba alizozijenga mwenyewe, bila kuuliza ziko wapi. Fundi akamshika mkono, akamwekea kidole kwenye kishimo cha kwanza. Halafu akakisogeza, upana wa kidole gumba, hadi cha pili. Mzee akakirudisha. Akakipeleka tena. Alikwenda na kurudi mara tatu, na pumzi yake ilisikika shimoni humo.

"Hii nilifunga mimi."

"Ndiyo, Baba."

"Vishimo vilikuwa vimejaa grisi, na mimi sioni. Nikakisia. Ningekuita. Nilikuwa na aibu ya kukuita. Basi mama yako ametetemeshwa na mimi, si na gari."

Fundi akakirudisha kidole cha baba yake kwenye alama, akachukua spana. Walifanya kazi ile pamoja. Yeye alifungua na kuvuta, mzee akashikilia kidole chake kwenye alama. Alipokuwa anarudisha, meno yakitafuta meno, jicho lilikuwa ni kile kidole. "Bado," mzee alisema. "Umepita. Rudi kidogo. Hapo." Chuma kikaingia kwenye chuma, na kidole kikalala juu ya vishimo viwili vinavyotazamana. Hakukiondoa upesi.

Alhamisi Mama alisema haendi. Walimkuta amefunga macho, amevuta shuka mpaka kidevuni. Fundi alimwahidi kwamba watakwenda hadi themanini tu, na likitetemeka atageuza mwenyewe bila kuombwa. Mama akasema gari limezeeka. Hapo mzee, aliyekuwa amesimama mlangoni, akazungumza.

"Halikuwa uzee. Lilikuwa kosa langu la propela, na tumelitoa jana. Twende."

Mama alifungua macho, akamtazama mumewe kwa muda mrefu, yeye asiyeweza kumtazama vizuri. Hakutania. Akajifunua shuka.

Majirani wawili walisaidia kumbeba na godoro lake. Mzee alikaa mbele, fimbo katikati ya magoti. Mjini walikwenda taratibu, kisha nyumba zikakoma na barabara kuu ikanyooka. Sitini. Kwenye kioo cha dereva Fundi aliona mkono wa mama yake ukipanda na kushika kishikio cha juu ya dirisha. Sabini. Vifundo vya vidole vilikuwa vimesimama. Fundi alikuwa anatoka jasho mgongoni wala hakukuwa na joto. Themanini.

Kioo cha nyuma kilinyamaza. Sakafu ilinyamaza. Akaongeza mpaka tisini, makusudi, apate uhakika, na gari likaendelea kwenda kana kwamba halijawahi kusumbua mtu.

Walikwenda hivyo kitambo. Mkono bado ulikuwa juu.

"Siku ile ya propela, aliyeshika taa ni mimi," Mama akasema.

Mzee aligeuza shingo.

"Nilikuona unapapasa. Ukasema tayari, na nikaona si tayari. Nikajua nikitamka, hutashika spana tena."

"Na sikuishika tena."

"Lakini uliiweka chini mwenyewe."

"Ukaamua bora ulemae?"

"Sikuamua kulemaa. Niliamua kunyamaza, halafu nyonga ikaja juu yake."

Maji, mto, nikune mgongo: yote yalimrudia Fundi, kila mwito uliomtoa chini ya gari, na macho yakamwasha, ila barabara ilikuwa mbele yake na mguu ulikuwa na kazi. Hakuutikisa.

Mzee aliiachia fimbo, akapitisha mkono nyuma katikati ya viti, akipapasa. Akagusa ukingo wa godoro, akagusa blanketi, akaupita mto, vidole vikabaki hewani vinatafuta.

"Umepita," Mama akasema. "Rudi kidogo. Hapo."

Fundi aliinua macho kwenye kioo. Juu ya dirisha, kishikio kilikuwa kitupu, kinachezacheza kidogo kwa mwendo wa gari.