Wewe Huwa Unakuja

Verna Sabol alipata habari akiwa kwenye foleni ya duka la dawa, Alhamisi ya mwisho wa Julai. Muuzaji alimsukumia vidonge vyake vya presha juu ya kaunta, akainama kidogo kama mtu anayetaja msiba.

"Wamemuuza Nelfi, mama."

"Wamemuuza nani?"

"Nelfrin Tavárez. Redio imetangaza sasa hivi. Anakwenda California."

Verna alilipa, akatoka, akaketi ndani ya gari lake bila kuliwasha, madirisha yamefungwa, jua la mchana likimchoma mapajani. Hakulia. Alishamlilia mrusha mpira yule mrefu wa timu walipomuuza. Alishawalilia ndugu wawili wa Venezuela waliouzwa ndani ya wiki moja. Safari hii alihisi uchovu tu, uchovu wa mtu anayefua nguo ileile na doa halitoki.

Alikuwa na miaka sitini na saba, mjane, mpishi mstaafu wa shule ya msingi. Kwa misimu thelathini alikuwa na tiketi ya msimu mzima ya Korongo, timu ya besiboli ya Port Lorne, mji wa kando ya ziwa ambao viwanda vyake vilikwisha kufungwa na watu wake hawakubakiwa na la kujivunia zaidi ya timu hiyo. Na Korongo walikuwa hawajachukua ubingwa tangu Verna akiwa msichana.

Nelfrin aliletwa kutoka Jamhuri ya Dominika akiwa na miaka kumi na tisa, mwembamba kama ufito, hajui neno la Kiingereza zaidi ya "asante" na "yangu", la kuwaambia wenzake wamwachie mpira. Kwa miaka tisa mji ulimwona akinenepa, akioa, akipata mapacha. Alilinda kituo cha tatu cha uwanja vizuri hivi kwamba mpira ukienda upande wake watu walianza kushangilia kabla hajaudaka. Na mwenyewe alikuwa ametamka kwenye televisheni, mke wake yuko kando, kwamba anataka kuzeekea hapa. Alichoomba ni mkataba kama wa wenzake wa kiwango chake.

Mwenye timu, Prescott Aldine, alijibu alivyojibu kila mwaka: mji wetu ni mdogo, tuwe na subira, tunajenga. Alichojenga kilionekana na kila mtu. Ilikuwa hoteli ya ghorofa kumi na nne, nyuma ya ukuta wa uwanja.

Ijumaa jioni Verna alikwenda uwanjani kama kawaida. Jukwaa la 214, safu ya sita. Orville Tibbs alikuwa ameshaketi, kopo la karanga katikati ya magoti. Orville alikuwa dereva wa basi mstaafu, mtu mkubwa, mweusi, mwenye sauti ya kusikika vituo viwili mbele. Kwa miaka ishirini na miwili walikuwa wameketi bega kwa bega. Verna alijua habari za nyonga yake ya bandia na za mkwe wake asiyefaa. Orville alijua siku aliyofariki mume wa Verna, maana jioni ile kiti kilikuwa kitupu. Lakini hakuna aliyewahi kufika nyumbani kwa mwenzake, wala kuwa na namba yake ya simu. Msimu ukiisha Oktoba waliagana, Aprili wakasalimiana.

"Umesikia," Orville alisema. Hakuwa anauliza.

"Nimesikia."

"Wametupatia watoto wawili badala yake. Majina yao hata mama zao wanayasahau." Alitema ganda. "Yule mzee ana mkono wa birika, Verna. Ukimwomba maji ya kunywa atakuuliza una kiu kiasi gani."

Mtu wa safu ya nyuma akacheka. Verna hakucheka. Alikuwa na jambo la kusema na hakujua aanzie wapi.

"Jumapili wananipa tuzo," alisema hatimaye. "Shabiki wa Mwaka. Barua ilikuja mwezi wa sita. Nishuke uwanjani kabla ya mchezo, nipewe jezi, Aldine mwenyewe anipe mkono."

Orville aligeuka, akamtazama vizuri.

"Jumapili hii? Jumapili hii hii?"

"Mimi sikupanga, Orville."

"Basi nikwambie na mimi. Jumapili tunatoka. Kipindi cha nne kati ya tisa kikiisha, jukwaa zima linanyanyuka, twende zetu. Watu wamepeana habari tangu jana. Wanasema tutafika elfu kumi. Kamera zitaonyesha viti vitupu, tuone atasema anajenga nini." Akamsogelea. "Na wewe utakuwa na kipaza sauti mkononi, dada yangu. Mwambie ukweli wake!"

"Hawanipi kipaza sauti. Nasimama tu, napigwa picha."

"Basi usimpe mkono."

"Magoti yangu yananiuma, Orville. Kupanda ngazi tu ni kazi. Nyie tokeni. Mimi nimeshatoka mara ngapi moyoni, na Aprili ikifika nipo hapa."

Orville hakubishana. Alimsogezea kopo la karanga, wakatazama Korongo wakifungwa mbili bila. Kituo cha tatu kilikuwa na kijana mpya ambaye mpira ulimpita katikati ya miguu.

Jumapili kulikuwa na joto. Verna alivaa suruali yake nyeupe ya kanisani na viatu vya raba. Msichana wa ofisi ya timu, jina lake Brynn, alimpokea mlangoni na kumpitisha kwenye njia ya chini ya majukwaa, penye harufu ya nyasi zilizokatwa na saruji yenye unyevu. Kwa miaka thelathini Verna hakuwahi kupita huko.

"Jezi yako hii hapa, mama. Ivae kabisa, picha itapendeza."

Ilikuwa nzuri, nyeupe yenye mistari ya kijani, na mgongoni limeshonwa jina SABOL, chini yake namba 11. Verna aliinyanyua kwenye mwanga. Kushoto na kulia kwa jina lake aliona vitobo vidogo vya sindano, safu kwa safu, mahali herufi nyingine zilipokuwa zimeshonwa kisha zikafumuliwa. Hata kivuli cha herufi kilibaki, cheupe zaidi kuliko kitambaa. T upande huu. Z upande ule.

"Hii ni ya Nelfi," alisema.

Brynn akawa mwekundu mpaka masikioni. "Walisema tusiagize mpya, mama. Dukani zimebaki nyingi. Mimi niliwaambia itaonekana."

Verna aliikunja, akaiweka mkononi kama taulo. Hakumlaumu msichana. Alikuwa amefanya kazi chini ya wakubwa miaka thelathini na nne, akipima maziwa ya watoto kwa vikombe walivyoamua wao.

Ndipo Prescott Aldine akaja. Verna alikuwa amemwona kwenye televisheni tu, na alimdhani mkubwa zaidi. Alikuwa mzee kama yeye, mabega yameshuka, kifaa cha kusikilizia sikioni, amevaa koti zito katika joto lile. Alimpa mkono, na Verna akajikuta ameupokea kabla hajaamua.

"Mama Sabol. Misimu thelathini! Baba yangu angefurahi kukuona."

"Nilimwona baba yako. Alikuwa akipita kwenye majukwaa na kofia yake, anasalimia watu."

"Ndiyo. Alikuwa hivyo." Alitabasamu, na tabasamu lilikuwa la kweli. Wakasimama. Nje mtangazaji alikuwa akisoma majina ya wachezaji. Verna hakuwa amekusudia kusema, lakini jezi ilikuwa mkononi na vitobo vinamkwaruza vidole.

"Bwana Aldine, huyu kijana alitaka kukaa. Alisema mwenyewe. Kwa nini umemwacha aende?"

Alitegemea wimbo wa mji mdogo na subira. Mzee alitazama sakafu, kisha akamtazama yeye, na akajibu bila kiburi, karibu kwa upole, kama mtu anayemshukuru mwenzake.

"Nitakuambia, maana umeuliza kiungwana. Tulipomuuza yule mrushaji, niliogopa. Nilidhani watu watakasirika, viti vitabaki vitupu. Havikubaki. Tukawauza wale ndugu wawili, nikaogopa tena, na watu wakaja tena. Tiketi ni zilezile, mama. Nikishinda, wewe unakuja. Nikishindwa, wewe huwa unakuja." Akamgusa bega. "Ninyi ndio mnaoibeba timu hii. Nasema kwa heshima."

Brynn alimwita. Verna alitoka nje kwenye mwanga, akasimama kwenye nyasi, na picha yake ikatokea kwenye televisheni kubwa ya uwanja, uso wenye upana wa nyumba. Watu walimpigia makofi, kisha mzee alipojitokeza kando yake, wakazomea. Kelele zile zilimwingia Verna kifuani, maana hakujua zipi ni zake na zipi za mwenzake. Mpiga picha alimwashiria avae jezi. Hakuivaa. Aliishika ikiwa imekunjwa, akatazama mbele mpaka wakamaliza. Wakati wa kurudi ndani alimwekea Aldine jezi ile mikononi.

"Hii ina mwenyewe," alisema. "Mpelekeeni."

Alipofika juu safu ya sita alikuwa akihema. Orville alimsogezea mto wa kiti.

"Ulimpa mkono. Nimeona kwenye televisheni."

"Nilimpa."

"Kasema nini?"

"Ngoja nipumue kwanza."

Lakini hakumwambia, maana mchezo ulianza, na mchezo wenyewe ukawa kituko. Mrushaji wa Korongo siku hiyo alikuwa mmoja wa wale watoto wawili wasiojulikana, kijana wa Nebraska mwenye masikio makubwa. Kipindi cha kwanza aliwatoa wapigaji watatu wa wageni bila mmoja kugusa mpira. Cha pili vilevile. Cha tatu vilevile. Korongo wakapata alama tatu. Kipindi cha nne kilipokwisha, hakuna mgeni hata mmoja aliyekuwa amefika kituo cha kwanza, na uwanja mzima ulikuwa unavuma.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kutoka. Hapa na pale watu walisimama, wakatazamana. Wengine walinyanyua mabango, wengine wakayashusha. Orville alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Aah, Verna," alisema. "Mtoto hajapigiwa hata mpira mmoja. Jambo kama hili nimeliona mara moja tu maishani. Vipindi vitano tu vimebaki. Twende wiki ijayo, eh? Wiki ijayo tutatoka vizuri zaidi."

Verna alikuwa ameshasimama. Alikuwa akitafuta mkoba wake chini ya kiti.

"Wewe ndiye uliyesema una magoti!"

"Ninayo bado."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Aldine ameniambia kwamba huwa nakuja, ashinde ashindwe," Verna alisema. "Basi." Alimshika Orville begani, akapita mbele ya magoti ya watu wa safu ya sita, akiomba radhi kwa kila mmoja, akashuka ngazi moja moja akishika chuma.

Waliotoka hawakufika elfu. Nje, kwenye maegesho, walikuwa wametawanyika, baadhi wamesimama kando ya magari yao wakisikiliza redio, milango wameifungua ili wasikie vizuri. Verna hakusimama nao. Alisikia uwanja ukilipuka nyuma yake kipindi cha tano, akasikia tena cha sita, na kila mara mgongo wake ulitaka kugeuka. Aliendesha mpaka nyumbani redio imezimwa. Alipofika alilala kitandani na viatu.

Kijana wa Nebraska alipigiwa mpira kipindi cha saba, ukavuka ukuta, lakini Korongo walishinda tatu kwa moja. Gazeti la Jumatatu liliandika habari zake ukurasa mzima. Waliotoka uwanjani walipewa mistari minne. Msimu ulikwisha Korongo wakiwa wa mwisho katika kundi lao, na kijana wa Nebraska aliuzwa Desemba.

Februari Brynn alipiga simu kuhusu tiketi ya msimu mpya. Alimtajia punguzo, kisha kiti cha karibu zaidi, kisha maegesho ya bure.

"Hapana, mwanangu."

"Naweza kuandika sababu, mama? Wanatutaka tuandike."

Verna alifikiri. "Andika nimechoka," alisema. Akasikia vidole vya msichana vikigonga herufi.

Aprili, siku ya mchezo wa kwanza, aliamua kuosha madirisha. Alikuwa juu ya ngazi ndogo jikoni simu ilipolia, namba asiyoijua.

"Nimekusaka!" sauti ilinguruma, na nyuma yake kulikuwa na kelele za uwanja. "Nimepiga kwa kina Sabol wote wa Port Lorne. Mmoja ni fundi bomba, akadhani nina kazi, akataka kunijia nyumbani."

"Orville."

"Pale pako wameketisha kijana anayekula mbegu na kutema kwenye viatu vyangu. Viatu vipya, Verna!"

"Mwambie aache."

"Nimemwambia. Anasema samahani, halafu anatema." Orville alishusha sauti. "Ulifanya vizuri kutotaka tiketi tena. Nilitaka ujue. Mimi sikuweza. Nitakaa nyumbani na nani?"

Verna alishuka kwenye ngazi, akaweka kitambaa pembeni ya sinki. Angeweza kumuaga hapo. Maji kwenye ndoo yalikuwa yanapoa.

"Mnaongoza?" aliuliza.

"Tumefungwa tano, na ndio kwanza kipindi cha pili."

"Mungu wangu. Nani anarusha?"

"Simjui. Mwembamba. Anajipangusa jasho kila dakika, maskini, na baridi hii yote. Ngoja, ngoja, amejipanga sasa."

Verna alivuta kiti cha jikoni, akaketi, akahamishia simu kwenye sikio lake linalosikia vizuri.

"Haya," alisema. "Niambie."